Bega langu, mama wa Manila na binti wa mpira wa wavu: maoni yangu kuhusu kliniki ya fiziotherapia Daly City

Naipa nyota nne kati ya tano kliniki ndogo ya fiziotherapia iliyopo Daly City, California, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha BART. Nimetibiwa hapo bega la kulia tangu majira ya mvua mpaka sasa. Jina la kliniki sitaliandika. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza inamhusu msichana anayefanya kazi pale huku anasoma, na habari zake si zangu kuzitangaza pamoja na anwani. Waswahili wa Bay Area, yaani huku San Francisco na miji inayoizunguka, wanaonifahamu waniulize, nitawaelekeza.

Mimi ni mlezi wa wazee. Kutwa nzima nainua watu: kitandani, bafuni, kwenye kiti cha magurudumu. Bega lilianza kwa kuniuma usiku nikililalia. Baadaye nikashindwa kufikia rafu ya vikombe, kisha kufunga ushungi ikawa kazi ya kuinamisha kichwa kuufuata mkono. Sisi watu wa Tanga bega likiuma tunatafuta mkandaji na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na shoga yangu mmoja alinikanda vizuri kweli. Nilipata usingizi, ila mkono haukupanda hata kidogo. Daktari akasema bega limeganda: kifuko kinachozunguka kiungo kimevimba, kimekuwa kinene na kimekaza. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Mimi nina miaka 52, na sukari ninayo.

Walionipeleka kliniki hii ni wenzangu wa kazini, Wafilipino. Kwa asiyeijua Daly City, ni mji wa ukungu kusini tu mwa San Francisco, juu ya bahari ya Pasifiki, na karibu theluthi moja ya wakazi wake wana asili ya Ufilipino. Jollibee, kampuni ya Kifilipino ya vyakula vya haraka, walipofungua mkahawa wao wa kwanza Marekani bara mwaka 1998, waliuweka hapa. Mwenye kliniki naye ni mama wa makamo aliyesomea fiziotherapia Manila. Nikimtaja hapa nitamwita Mama, maana ndivyo nilivyomwita tangu mwanzo, naye akaitika.

Miadi ya kwanza alikaa nami karibu saa nzima. Aliniuliza kazi yangu kabla ya kuniuliza maumivu yangu. Kisha akachukua goniometa, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili iliyoungana kwa duara, akapima. Bega lisilo na ugonjwa likiinuliwa mbele hufika karibu nyuzi 180. Langu lilikomea 95. Kuzungusha mkono kwenda nje, kiwiko kikiwa kimebana ubavu, nilikuwa na nyuzi 10 tu. Akaniambia mzunguko huo wa nje ndio unaopotea zaidi bega likiganda, na kwamba ataupima kila mara kabla ya kunisikiliza nikisema najisikia nafuu. Akaniuliza nataka mkono uniwezeshe nini. Nikamjibu: kufunga ushungi, kumgeuza mzee kitandani bila kupiga kelele, na kuswali sawasawa, maana takbira nilikuwa nainua mkono mmoja hadi sikioni na mwingine hadi kifuani.

Alinitaka nimwoneshe. Nikasimama katikati ya kile chumba nikamwonesha takbira, rukuu na sujudu, naye akatazama kila kiungo bila haraka. Kuanzia hapo takbira ikawa kipimo chetu, ikaandikwa kwenye faili langu. Mkao wa kwenda sujudu ukawa zoezi: magoti na viganja chini, unarudisha makalio nyuma polepole huku viganja vimebaki, bega linafunguka kwa uzito wako mwenyewe. Nimewahi kutibiwa na watu wengi nchi hii na wengi walinihudumia kwa adabu. Huyu ndiye wa kwanza kuichukua ibada yangu akaifanya sehemu ya tiba.

Jambo jingine lililonipa imani ni kwamba hakuniahidi haraka. Alisema bega lililoganda hupitia vipindi vitatu, cha kuuma na kukaza, cha kukaza tu, kisha cha kulegea, na safari nzima huweza kuchukua mwaka mmoja hata mitatu. Kazi yake yeye ni kupunguza maumivu, kuupanua mkono bila kuuchokoza, na kunifundisha mazoezi ya nyumbani. Ukikutana na mtu anayekuambia bega lililoganda atalifungua wiki mbili, fikiri mara ya pili.

Sasa niseme habari za binti.

Anafanya kazi ya msaidizi, wale wanaopanga taulo, kufuta vitanda, kuleta mfuko wa moto, kufunga kamba ya kapi juu ya mlango na kukuhesabia mazoezi. Sheria ya California haimtaki msaidizi wa aina hii awe na leseni, inamtaka awe na miaka 18 au zaidi na afanye kazi chini ya macho ya mtaalamu mwenyewe. Si sawa na msaidizi wa fiziotherapia mwenye leseni, ambaye amesomea chuoni miaka miwili na kufanya mtihani. Nataja tofauti hii kwa sababu wagonjwa wengi hatujui aliyetushika ni nani. Pale wote wana vitambulisho kifuani vinavyosema cheo chao kwa herufi kubwa.

Binti amezaliwa hapa, wazazi wake wametoka Ufilipino. Ni mwanafunzi wa kinesiolojia, elimu ya mwendo wa mwili, katika chuo kikuu cha serikali, na anachezea timu ya chuo mpira wa wavu, nafasi ya libero. Wasiofuatilia mchezo huu: libero ni yule anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, hucheza nyuma, haruhusiwi kuzuia wavuni wala kushambulia mpira ulio juu ya ukingo wa wavu. Kazi yake ni kuokoa. Kwa hiyo tangu utotoni macho yake yamefundishwa kutazama bega la mpigaji wa upande wa pili, maana bega ndilo linalosema mpira unakwenda wapi kabla mkono haujaugusa.

Ujuzi huo nimeuona kwangu. Mtu mwenye bega lililoganda hudanganya bila kujua: anainua mkono, kumbe anapandisha bega zima kuelekea sikioni na kupinda kiuno, halafu anadhani amefika juu. Binti alikuwa ananiona nikianza tu. "Tita, bega chini," na kabla sijamaliza kushusha amekwisha kuniwekea kioo mbele nijione. Tita ndivyo anavyowaita rafiki za mama yake, na mimi alinitia kundi hilo siku ya kwanza. Nimemwona akimfanyia vivyo hivyo mzee wa Kichina asiyejua Kiingereza, kwa kumwekea kiganja chake juu ya bega asilisukume, na mzee akaelewa. Naamini kabisa kwamba nusu ya nyuzi nilizopata zilitoka kwenye macho ya msichana huyu. Mazoezi yaliyofanywa kwa udanganyifu wa mwili hayana faida, na Mama, kwa wingi wa wagonjwa, asingeweza kunisimamia kila mkono unapopanda.

Siku moja Mama alikuwa ameshikwa na mgonjwa mwingine, nami nilikuwa na haraka ya zamu. Nikamwambia binti, mwanangu, nivute wewe tu huo mkono, umemwona akifanya kila mara. Akaniambia, "Tita, kuona si ruhusa. Nikikuumiza leo, atakayejibu ni yeye." Akanibadilishia mfuko wa moto, akanisogezea kiti, nikangoja. Nilichelewa zamu yangu kidogo na sikuona vibaya. Mtu anayejua mpaka wa mikono yake akiwa na umri ule, nitamkabidhi mama yangu mzazi.

Nilianza kumuuliza njia yake kwa sababu nina mpwa wangu Seattle anayekimbia na anasema anataka kazi hii. Nikagundua kwamba wazazi wengi wa kwetu hatujui ni njia ndefu kiasi gani. Tunadhani ni kozi ya mwaka mmoja ya kukanda watu.

Kwanza ni shahada ya miaka minne, na ndani yake masomo ambayo shule za fiziotherapia zinayadai: baiolojia, kemia, fizikia, anatomia, fiziolojia, takwimu na saikolojia. Kwa mwanafunzi wa kawaida hayo ni magumu. Kwa mwanamichezo yana ugumu wa ziada, kwa sababu vipindi vya maabara huwekwa mchana, na mchana ndio wakati wa mazoezi ya timu. Chuo chake kipo Divisheni ya Pili, daraja la pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambako msimu ukiwa umepamba moto timu hairuhusiwi kumchukua mchezaji zaidi ya saa 20 kwa wiki. Zinasikika chache. Lakini siku ya mechi huhesabiwa saa 3 tu, hata kama basi limeondoka alfajiri na kurudi usiku wa manane. Fizikia ilibidi aisome kiangazi, katika chuo cha jamii karibu na kwao, wenzake wakiwa ufukweni. Ufadhili wa michezo anao, ila Divisheni ya Pili kocha huugawa vipande vipande kwa wachezaji wengi, na kipande chake hakitoshi ada. Ndiyo maana yupo kliniki.

Pia ndiyo njia ya kupata saa za kutazama. Shule nyingi zinataka mwombaji awe amekaa na wataalamu kazini akiwatazama, tena si mahali pamoja: kliniki za nje kama hii, na hospitali pia, akaone mgonjwa aliyepasuliwa jana anavyosimamishwa leo. Na barua ya mtaalamu mwenye leseni anayemfahamu kwa kazi, si kwa urafiki. Maombi hupelekwa kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni unaoitwa PTCAS, unaofunguliwa katikati ya mwaka. Unajaza mara moja na kuchagua shule, na kila shule unayoongeza inaongeza ada. Mimi nilimkuta akiandika insha yake ya maombi wakati wa mapumziko, mezani pa taulo.

Akikubaliwa, ni shahada ya udaktari wa fiziotherapia, DPT, kwa kawaida miaka mitatu, pamoja na miezi ya mafunzo hospitalini na klinikini. Kuanzia mwaka 2016 kila programu iliyoidhinishwa Marekani lazima itoe kiwango hicho. Kwa California vyuo vya serikali vyenye programu hii ni pamoja na Fresno, Long Beach, Northridge na Sacramento, na ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo binafsi. Kuna University of the Pacific, Stockton, ambako masomo yamebanwa hadi miezi 25, na Samuel Merritt huku Oakland. Mwisho ni mtihani wa taifa, NPTE, wenye alama kuanzia 200 hadi 800. Ukipata 600 umefaulu, kisha mtihani wa sheria za jimbo, ndipo upewe leseni.

Mshahara wa kati wa kazi hii Marekani uko karibu dola 100,000 kwa mwaka. Ni pesa nzuri, lakini deni la miaka mitatu ya udaktari, hasa chuo binafsi, laweza kuupita mshahara huo. Binti anajua. Mama yake ni muuguzi na alitaka binti awe muuguzi: shule ni fupi, kazi ipo, na ndiyo barabara ambayo Wafilipino wameipita tangu mpango wa wageni wa kubadilishana ujuzi wa mwaka 1948, na zaidi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965. Binti akachagua nyingine kwa sababu ya bibi yake. Bibi alipata kiharusi binti akiwa sekondari, na kila Jumapili baada ya misa yeye ndiye aliyekaa naye kufungua vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa na mtaalamu. Bibi sasa anakuja kliniki hii hii na kigongo chake. Binti akimwona mlangoni huacha alichoshika, huenda kuuchukua ule mkono uliokuwa umekufa na kuuweka kwenye paji la uso wake, ndiyo shikamoo yao. Halafu anarudi kazini. Anayehudumia bibi ni mtaalamu, yeye hagusi, na hilo pia nimelipenda.

Ukutani, karibu na mashine ya kukanyaga baiskeli, kuna picha ya Vicki Manalo Draves. Nilikuwa simjui. Alizaliwa San Francisco mwaka 1924, baba Mfilipino, mama Mwingereza. Katika Olimpiki ya London mwaka 1948 alishinda dhahabu mbili za kupiga mbizi, ya ubao wa kurusha na ya jukwaa la juu, Mmarekani wa kwanza mwanamke kuzipata zote mbili katika Olimpiki moja. Na kabla ya hapo, ili akubaliwe kwenye klabu ya kupiga mbizi mjini kwao, alilazimika kutumia jina la ukoo wa mama yake, Taylor, kwa kuwa Manalo lilikuwa la Kifilipino. Leo San Francisco kuna bustani yenye jina lake kamili, mtaa wa South of Market alikokulia. Binti alinihadithia yote hayo wakati nikivuta kapi, na jina lake mwenyewe la ukoo limeandikwa mgongoni mwa jezi yake bila kufichwa. Nilifurahi sana kwa ajili yake, nikawafikiria watoto wetu wanaoitwa majina ambayo walimu huyakatakata.

Mama alisoma kwa njia nyingine. Ufilipino fiziotherapia ni shahada ya kwanza, na kazi ina sheria yake tangu mwaka 1969. Alipokuja hapa masomo yake yalichambuliwa somo kwa somo, kisha akafanya mtihani ule ule wa NPTE. Binti akimaliza atakuwa na shahada ya juu kuliko ya bosi wake. Nilitazama kama jambo hilo lina kijiba, sikukiona. Mama humsimamisha kando ya kitanda akiniomba ruhusa kwanza, humwonesha mifupa kwa kidole, humuuliza maswali mbele yangu, na akikosea humrudisha kwenye kitabu. Kwetu Tanzania kazi hii hufundishwa hospitali ya KCMC, Moshi, na natamani kila kijana aliyepo pale ampate mtu wa kumfundisha kwa namna hiyo. Kliniki inayolea vijana wake inamtunza na mgonjwa, kwa sababu kila kinachofanywa kwenye mwili wako kinaelezwa kwa sauti.

Sitara nayo ni nzuri, ila haitoshi. Bega linahitaji kuonekana. Niliambiwa nivae fulana ya mikono mipana chini ya nguo zangu, na binti ndiye aliyefikiria kunitengea saa ambazo chumba chenye pazia kiko wazi, akawa anasimama mlangoni mwanaume asiingie ghafla. Lakini chumba chenyewe ni kimoja. Mwanamke mwingine akikihitaji saa hiyo hiyo, mmoja wenu atangoja au atafanya mazoezi ukumbini.

Nyota niliyoipunguza ni ya mambo mawili. Kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanatoka kazini na kliniki inajaa. Mama anahudumia wawili, mara nyingine watatu kwa zamu, na ule muda wa mikono yake kwenye bega lako unapungua wakati malipo ni yale yale. Asubuhi ni huduma tofauti kabisa. La pili ni pesa. Bima yangu hunitaka nilipe dola 40 kila ninapokwenda, hilo nilijua. Sikuambiwa kwamba mwanzo wa mwaka, kabla sijafikisha kiwango changu cha kujilipia, yaani kile ninachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, ankara yote ni yangu. Ilikuja kwa posta ikiwa imegawanywa kwa vipande vya dakika 15, zoezi mbali, mikono mbali, na ilinishtua. Msichana wa mapokezi alinisaidia kuilipa kwa awamu bila riba, kwa upole kabisa, lakini maelezo hayo yalistahili kuja kabla ya miadi ya kwanza.

Bega leo linafika nyuzi 150 mbele, na mzunguko wa nje ni 45. Takbira mikono yote miwili inafika masikioni. Kumgeuza mzee bado naomba msaada wa mwenzangu, kwa amri ya Mama, mpaka nguvu za nyuma ya bega zirudi.

Anayetaka kwenda: hapa California si lazima uwe na barua ya daktari ili uanze. Tangu mwaka 2014 sheria inakuruhusu kumwona mtaalamu wa fiziotherapia moja kwa moja kwa siku 45 au miadi 12, kinachotangulia, kisha daktari lazima akuone na kusaini mpango wa tiba. Hata hivyo bima yako inaweza kuidai barua hiyo tangu mwanzo, basi ipigie simu bima kabla ya kliniki, uulize na kiwango chako cha kujilipia kimebaki kiasi gani. Leseni ya mtaalamu yeyote unaweza kuihakiki bure kwenye tovuti ya jimbo. Chukua miadi ya asubuhi, na ukihitaji chumba chenye pazia kitaje unapopiga simu, usingoje kufika. Kuhusu binti, maombi yake ya DPT ameshayatuma na majibu bado anayangoja. Msimu wa mechi ukianza mwishoni mwa Agosti huja kliniki mara chache, kwa hiyo atakayekwenda wakati huo atamkuta msaidizi mwingine, naye pia ni mwanafunzi.